Nguo za Mtu Aliye Hai

Jumatano ile, saa kumi jioni, Mama alikuwa anapiga pasi mishono ya foronya alipogundua kwamba simu haijalia. Ilikuwa mahali pake juu ya kifuniko cha cherehani, chaji imejaa. Kwa miezi kumi na moja ilikuwa ikilia kila Jumatano saa kumi, na aliyepiga ni binti yake wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno na tangu hapo hakunyamaza. Mama aliiegesha pasi akapiga yeye. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akangoja maji ya chai yachemke, akapiga tena. Safari hii haikuita.

Aliporudi mezani aliona pasi imeanguka na kuacha alama ya hudhurungi kwenye foronya. Jambo hilo halikuwa limemtokea kwa miaka thelathini. Aliikunja foronya alama ikiwa ndani, akaiweka chini ya nyingine.

Chiriku alikuwa mbali, mipaka miwili kutoka nyumbani, anafua mashuka ya hoteli. Aliondoka na begi moja. Nguo nyingine aliziacha kabatini, likiwamo gauni la kijani la mikono mirefu alilolivaa mpaka viwiko vikang'aa. Alisema, "Mama, usizigawe hizo. Nakuja kuzivaa."

Nyumba ya kona walimokuwa wanaishi ilikuwa ya Chiriku. Baba alimwandikia mwaka mmoja kabla ya kufa, kwa kuwa ndiye aliyemwosha na kumgeuza kitandani miaka mitatu huku wengine wakiwa na kazi zao. Vyumba vinne na ua, vyumba viwili vikitazama barabara. Mtoto wa kwanza wa familia, mwanamume, ambaye tangu utoto aliitwa Mwenyekiti kwa jinsi alivyopenda kuitisha vikao, alikuwa amekwisha kuvipima vyumba vile viwili kwa hatua zake. Maduka mawili yangeingia bila kubanana.

Katika familia ile nguo za marehemu hazikugawiwa wala kutupwa. Zilikatwa viraka, na viraka vikashonwa mifarishi, yale mablanketi mazito yenye pamba katikati, mfarishi mmoja kwa kila nyumba ya ndugu. Ilikuwa zawadi: upate kujifunika mtu wako. Nguo ambayo marehemu aliivaa kuliko zote ndiyo iliyokatwa kwanza, na kipande chake kikawekwa katikati ya kila mfarishi. Nyingine ziliizunguka. Mama alifundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake. Mtu akishakuwa mfarishi, amekwisha kufa. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa anachelewa.

Sharti lilikuwa moja, kwamba mkasi usiguse nguo ya mtu aliye hai. Bibi mzaa Mama aliwahi kukosea, akakata shati la babu akidhani ni kitambaa cha kudekia, na babu akakaa siku tisa bila bega la kushoto. Alikwenda kazini hivyohivyo. Bibi alipolishona shati, bega lilirudi, ila lilikaa chini kidogo kuliko la kulia kwa sababu alishona kwa haraka.

Miaka miwili na miezi minne baada ya Jumatano ile, Mwenyekiti aliitisha kikao. Walikuja watu watatu. Mama, dada wa katikati, ambaye ni muuguzi wa zamu katika hospitali ya wilaya, na mjomba, mdogo wake Mama, fundi viatu asiye na mke wala mtoto.

"Naona wajumbe wote mmefika," alisema Mwenyekiti.

"Na mwandishi wa kikao yuko wapi?" aliuliza mjomba. "Au na kazi hiyo umeichukua wewe?"

"Mjomba, leo si siku ya mzaha."

"Ya mzaha ilikuwa lini, tuliyoikosa?"

Mwenyekiti alinyoosha kitambaa cha meza kwa viganja viwili. Alisema amefika ofisi ya ardhi. Mwenye nyumba hayupo, hapigi simu, haandiki, na paa linavuja. Karani wa pale, mtu mwelewa sana, alimuuliza swali moja tu: familia yenyewe inamhesabu mtu wao yuko wapi?

"Nikakosa jibu," alisema. "Mama, wewe unamhesabu yuko wapi?"

"Anachelewa," alisema Mama.

"Mama."

"Anachelewa."

Muuguzi alikuwa ametoka zamu na viatu alikuwa amevivua chini ya meza. "Mama, mimi nimefumba macho ya watu wengi," alisema. "Wapo waliokuwa wanangojwa kwao hivyohivyo, sahani imefunikwa. Nimechoka kulitazama lile kabati. Kama ameondoka, basi angalau tumpate wa kujifunika."

"Tungoje kidogo," alisema mjomba.

"Tungoje mpaka lini?" Mwenyekiti hakuinua sauti, hakuwa mtu wa kuinua sauti. "Mtaa mzima unajua nyumba hii inavyozika. Mama akizikata nguo, karani ataandika. Asipozikata tutakaa hivihivi mpaka na yeye tumkate."

Mjomba alicheka peke yake, kisha akaacha.

Nguo zilikatwa Jumamosi asubuhi. Meza ilitolewa uani, ambako kuna mwanga, na Mama akalitandaza gauni la kijani, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja, akavaa kastabini kidoleni ingawa kwa kukata haikuhitajika. Karani alikuwa amealikwa aone kwa macho yake. Alipewa kiti kizuri kizingitini, akaketi na kofia magotini.

Mama alianza na kola. Mkasi ulikwenda. Akaja kwenye pindo, nao ukaenda. Alipoingia kwenye mkono wa kulia, karibu na bega, mkasi ukawa mzito, kama unakata kitu kilichotota maji. Alipapasa kitambaa. Kilikuwa kikavu. Kilikuwa pia na uvuguvugu, kama shuka la mtu aliyeamka sasa hivi.

Mama alijua. Alisimama na mkasi umefunguka kwa muda ambao mtu angehesabu hadi kumi. Ndani chai ilikuwa imemiminwa. Muuguzi alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. Karani alitazama saa yake kwa adabu, bila kuinua mkono.

"Mama, chai inapoa," alisema Mwenyekiti.

Mama akaubana mkasi.

Alishona wiki sita. Alipiga bandi kwanza, akajaza pamba, akashindilia kwa mishono midogo iliyofuatana kama nyayo za sisimizi. Hajawahi kushona vizuri vile, wala kabla wala baadaye. Mifarishi minne ilipokamilika aliikunja sawasawa, akaifunga kwa utepe, akaiweka juu ya kitanda, kila mtu achukue wake. Hakuchagua nani apate upi. Mwenyekiti, kwa kuwa ni wa kwanza kuzaliwa, alichukua wa kwanza.

Mwezi huohuo karani alileta karatasi. Nyumba ikawa ya Mwenyekiti, aliyekuwa anaishi mtaa wa pili na mkewe na watoto. Kuta mbili zilivunjwa, milango ya chuma ikawekwa, na chumba kimoja kikawa cha kinyozi, kingine duka la rangi. Mama alihamishiwa chumba cha uani pamoja na cherehani na kabati lililobaki tupu. Kabati lilikuwa refu kuliko mlango, wakalikata miguu.

Mifarishi ya nguo za Baba, enzi zake, ilitulia tangu siku ya kwanza. Ilitia joto, basi. Hii haikutulia.

Mjomba, aliyelala nyuma ya karakana yake ya viatu, wiki ya kwanza alidhani ni redio ya jirani. Baadaye akagundua kwamba sauti inatoka katikati ya mfarishi wake, penye kola. Ilikuwa ni sauti ya Chiriku, na ilikuwa haikomi. Ilisimulia habari za chumba cha chini chenye mashine sita na mlango unaofungwa kwa nje. Ilisimulia jinsi msimamizi alivyopita Jumatano moja saa tisa na nusu akikusanya simu na pasipoti za wafuaji, akazitia ndani ya kabati la chuma, akasema watapewa mwezi ujao. Ilimsimulia mjomba aina za madoa, na jinsi kila moja linavyotolewa. Mjomba alisikiliza huku akipaka viatu gundi. Ilimchukua siku nne kwenda kumwambia dada yake, kwa kuwa hakutaka kuikatiza.

"Dada, yule hajafa."

"Najua," alisema Mama.

"Umejua lini?"

"Nilipofika mkono wa kulia."

Mjomba aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Walimsikiliza kinyozi akimaliza kichwa kizima upande wa pili wa ukuta.

Kwa muuguzi mfarishi ulikuwa na uzito. Pindo la gauni lilikuwa katikati, na kila alipojifunika alihisi mtu ameketi miguuni pake, kama alivyokuwa akiketi Chiriku zamani akitaka kusema neno. Mbao mbili za kitanda zilivunjika. Muuguzi alitia matofali chini yake, akaendelea kwenda zamu. Mfarishi wa Mama ulikuwa na kifua cha gauni, nao ulikuwa na joto kupita kiasi. Siku za mvua alitandaza juu yake mashati ya watu aliyoyashona, na yakakauka.

Mwenyekiti hakusema lolote kuhusu wake. Alipoulizwa alijibu kwamba ni mfarishi mzuri na kwamba Mama ana mkono mzuri wa kushona.

Kule kwenye chumba cha mashine sita, msimamizi aliona mabadiliko Jumamosi ileile ya mkasi, kabla ya saa sita mchana. Mfuaji mmoja alikuwa hana tena mkono wa kulia, kwa hiyo hakuweza kukunja shuka. Alipoulizwa hakujibu, na feni ilipowashwa alisogea nayo. Walimvumilia miezi kadhaa, wakampa kazi ya kuhesabu foronya kwa macho. Halafu wakamfungulia kabati la chuma, wakampa pasipoti, na simu ambayo ilikuwa haiwaki tena, wakamfungulia na mlango. Njiani, kwenye basi, kondakta alimwekea gunia la abiria mwingine mapajani ili asipeperuke dirisha likifunguliwa.

Alifika Jumatatu asubuhi. Kinyozi ndiye aliyemwona kwanza, ameshikilia fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto.

"Karibu, dada, kiti kipo wazi," alisema kinyozi.

Chiriku alitazama kiti, kioo, na ukuta mpya ambao zamani haukuwapo. Chumba kile kilikuwa chake cha kulala. Alipita katikati ya nywele zilizokatwa bila kuacha alama, akatokea uani. Mama alikuwa kwenye cherehani.

"Umechelewa," alisema Mama.

Chiriku aliinamisha kichwa. Mama alimgusa shingoni, akamkuta baridi kama bomba la maji asubuhi. Hakulia, kwa sababu kulia kungechukua muda. Alitwaa wembe, akautandaza mfarishi wake, akaanza kufumua. Kufikia adhuhuri alikuwa amekitoa kifua cha gauni na kukiweka peke yake juu ya kitanda, na Chiriku akaanza kutoka jasho.

Mjomba alileta wake siku hiyohiyo umefungwa kwa gazeti. "Nitakosa mtu wa kunisimulia," alisema, akaangalia kando. Mama alifumua kola, akaishona kwenye kifua, na mara ya mwisho alipokata uzi kwa meno, Chiriku akafungua kinywa.

"Mjomba, unakoroma," alisema.

"Na wewe husemi ukameza mate!" alisema mjomba, na sasa ndiye aliyelia.

Muuguzi alikuja kesho yake na wabebaji wawili, kwa maana mfarishi ulikuwa haubebeki na mtu mmoja. Aliwalipa, wakaondoka, yeye akabaki mlangoni.

"Ni mimi niliyesema tukate," alisema.

"Ulisema umechoka, dada. Nikiwa kwenye mfarishi wa mjomba nilikuwa nasikia yote anayosema. Mchovu husema mengi."

"Sikukupigia simu mwaka wote wa pili. Mama tu ndiye aliyepiga."

"Ingia ndani," alisema Chiriku. "Naletewa kilo zangu halafu wewe unaziba mlango."

Pindo lilipokwisha kushonwa, kiti alichokalia kililia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliacha kushika kitu alipokuwa ameketi. Gauni lilikuwa limetimia, ila upande wa kulia, penye bega, lilikuwa na tundu.

Jumatano walikwenda mtaa wa pili, Mama na Chiriku. Mwenyekiti alikuwa sebuleni, anakoroga chai.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekonda."

"Nilikuwa sina uzito kabisa. Nimerudishiwa jana."

"Ni jambo la kumshukuru Mungu. Karibuni chai."

"Nimefuata mkono wangu, kaka."

Mwenyekiti aliendelea kukoroga, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. "Mimi hapa nina mfarishi," alisema. "Nilipewa. Zawadi hairudishwi."

"Nilikupa mimi," alisema Mama, "na mimi nauomba."

"Mama, ukimpa mwanao zawadi kisha ukaja kuidai, watu watasema umezeeka vibaya. Na watoto wameuzoea. Njooni mwone wenyewe."

Aliwafungulia mlango wa chumba cha watoto kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Mfarishi ulikuwa umetandikwa juu ya kitanda, na kutoka katikati yake, palipokuwa na kipande cha kijani, mkono ulikuwa umejitokeza mpaka juu ya kiwiko. Binti wa Mwenyekiti, wa miaka sita, alikuwa ameketi chini na mgongo wake kitandani, anakula mkate. Mkono ulikuwa unamsuka. Ulikuwa unagawa nywele kwa kidole cha shahada, mistari imenyooka kama iliyopigwa kwa rula.

"Shangazi, mkono wako haunivuti nywele," alisema mtoto. "Mama ananivuta."

"Ndivyo ulivyo," alisema Chiriku. "Ukiwashwa kisogoni uambie."

"Hausikii. Naugonga mara mbili."

Mke wa Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yao na beseni la nguo. "Asubuhi huwafunga vifungo vya sare," alisema kwa sauti ndogo. "Wakijifunua, huwafunika. Mimi nilimwambia auache uende, wifi. Akaniambia mkono ukirudi, na sahihi inarudi."

"Beseni hilo linakuzuia kuona njia ya jikoni?" aliuliza Mwenyekiti. Mkewe akaondoka.

Chiriku alipiga magoti, akaunyoosha mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uliacha kusuka. Uliupapasa wa kushoto kiganjani, ukapitisha vidole kwenye kovu la pasi la utotoni, kisha ukaushika kwa nguvu zote, na haukuuachia. Mtoto aligeuka kuona kwa nini kazi imesimama. Mwenyekiti aliwaacha hivyo kwa muda. Hakuwa mtu mkatili. Halafu akaukunja mfarishi juu ya mkono, taratibu, kona kwa kona, mpaka vidole vikachoka.

Ofisi ya ardhi ilikuwa na foleni fupi. Karani alimtambua Chiriku mara moja, akamvutia kiti, akampa pole kwa msiba.

"Aliyekufa ni mimi," alisema Chiriku.

"Ndiyo. Poleni sana."

"Nimekuja kuwaambia kwamba niko hai."

"Nakuona, dada, hilo silikatai. Kukuona ni jambo moja na faili ni jambo jingine." Alilitoa faili, akalipangusa vumbi kwa leso. Alieleza vizuri, bila dharau. Aliyeandikwa marehemu akitaka kufutiwa, anaweka sahihi ifananayo na ile ya zamani, na chini yake dole gumba la mkono wa kulia.

"Na la kushoto?"

"La kushoto kwetu ni la mtu mwingine kabisa."

"Wa kulia uko kwa kaka yangu."

"Basi ni jambo jepesi. Mwambie aulete. Yeye ndiye mwenye nyumba, hakosi kukusaidia." Karani alifunga faili, akamgeukia Mama. "Siku ile chai ilikuwa nzuri sana, Mama. Nimeandika humu kwamba ulikata mwenyewe na hapakuwa na mtu aliyekulazimisha."

"Hapakuwa na mtu," alisema Mama.

Walirudi kwa miguu. Chiriku, ambaye angeweza kusema njia nzima juu ya lolote, alisema mara moja tu, wakipita karakana ya mjomba. "Uliposimama na mkasi, Mama. Nilihisi. Nilikuwa nimeshika shuka, nikangoja."

Mama aliendelea kutembea. "Nilihesabu mpaka kumi," alisema.

"Mimi nilifika kumi na mbili."

Mwenyekiti alikuwa na mazoea ya kuleta mashati yake kwa Mama kola zikilika, azigeuze. Mwezi uliofuata alimtuma mtoto na shati moja, la mistari ya buluu, kama kawaida. Mama alilitandaza mezani. Mjomba alikuwapo, amekuja kusikiliza sauti aliyoizoea. Chiriku alikuwapo pia. Mkasi ulikuwa ukutani kwenye msumari wake.

"Bega moja tu," alisema mjomba. "Siku tisa hazimwui mtu. Baba alikwenda mpaka kazini."

"Sitaki bega lake," alisema Chiriku. "Nataka akose kitu kimoja, ajue."

Mama aliutungua mkasi. Aliweka kiganja juu ya shati, akalikuta na uvuguvugu, kama yalivyo mashati ya watu walio hai kwa anayejua kuyagusa. Ndani ya uvuguvugu ule alikuta kifua kilekile alichokilaza begani miaka arobaini na moja iliyopita, kikikohoa. Mkasi ulifunguka. Chiriku alianza kuhesabu kwa midomo, bila sauti, akafika kumi, akafika kumi na mbili, akaendelea mpaka akachoka.

"Nimekwisha kukata mtoto mmoja," alisema Mama.

Alirudisha mkasi kwenye msumari. Aligeuza kola, akaipiga pasi, akalikunja shati na kulifunga kwa gazeti. Chiriku alilipeleka mwenyewe mtaa wa pili, akalishika kwa mkono mmoja alionao, kwapani.

Habari za mkasi kutunguliwa zilimfikia Mwenyekiti. Tangu siku hiyo haleti shati. Nguo zake huzifua mwenyewe, huzianika mwenyewe, na huketi chini ya kamba kwenye kiti cha kukunja mpaka zikauke, akizihesabu. Majirani wamemzoea. Viraka vya kijani vilivyobaki Mama amevitia katika kopo la biskuti. Hashoni tena mifarishi, na watu wa mtaani wakifiwa hupeleka nguo kwa mwingine, ambaye mishono yake ni mikubwa.

Gauni la kijani Chiriku hulivaa. Upande wa kulia Mama ameliziba tundu kwa kitambaa cheusi, kwa kuwa kijani cha namna ile hakipatikani dukani. Anaishi uani na Mama, anatumia mkono wa kushoto, anazungumza na wateja wa kinyozi kupitia ukutani, na kinyozi anasema biashara imepanda.

Yeye na kaka yake wamekubaliana jambo moja. Kila Jumatano, saa kumi jioni, Chiriku huenda mtaa wa pili. Mwenyekiti hufungua mlango kwa ufunguo wa shingoni, huweka kiti kizingitini, hukaa. Chiriku huketi chini na mgongo wake kitandani, na mkono humsuka, mistari sita kwenda nyuma. Mwanzoni ulikuwa ukimaliza kwa nusu saa, kisha unabaki umelaza kiganja juu ya kichwa chake mpaka muda uishe. Majuma ya karibuni huanza kwa kukipapasa kichwa chote kwanza, polepole, kama kichwa cha mteja mgeni. Chiriku huugonga mara mbili. Mkono hungoja kidogo, kisha huanza kugawa nywele.

Saa kumi na mbili kaka yake husimama, hukunja kiti na kufunga mlango.